Jamii ya Programu Huria na Habari za Kazi Inayoendelea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaotunza programu za chanzo huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi ya amri zinazoziendesha, uko wazi kwa kila mtu) hapa Lubumbashi: wanafunzi na walimu wa vyuo, waandishi wa programu wenye ajira za mchana, na watumishi wa vituo vya afya na mashule wanaozitumia programu hizo na kuzitolea maoni. Majibu ni ya msimamizi mmoja. Pale ambapo desturi za miradi mikubwa ya dunia zinatusaidia nimezitaja, na pale ambapo hazitufai nimesema hivyo bila kuficha.

Msimbo uko wazi kwa kila mtu. Je, hiyo haitoshi?

Haitoshi. Historia inayotunzwa na Git, zana ya kuweka kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, humwonyesha msomaji mstari uliobadilishwa, aliyeubadilisha na siku alipoubadilisha, lakini haimwambii kwa nini kazi iliyotarajiwa mwezi huu imesogezwa mbele, wala kwamba kuna njia iliyojaribiwa ikaachwa kabla ya kuingizwa popote. Zaidi ya hapo, wengi wanaoitegemea programu hawasomi msimbo. Mfamasia wa kituo cha afya huko Katuba, anayehesabu akiba ya dawa kwa programu yenu, anataka kujua kama ripoti ya mwisho wa mwezi itatoka vilevile baada ya toleo jipya, au kama itambidi arudie daftari kwa siku kadhaa. Jibu la swali lake halimo ndani ya msimbo, na hata kama limo, hana wajibu wa kulichimba.

Tunapoandika habari za kazi, tunamwandikia nani?

Tunamwandikia mtu ambaye hakuwepo. Watatu walioketi meza moja wanajua tayari walichokubaliana; asiyejua ni yule wa Likasi aliyekosa umeme jioni ile, yule wa Kolwezi aliyekuwa zamu mgodini, mchangiaji wa Bukavu ambaye hatujawahi kumwona uso kwa uso, na yule atakayejiunga mwakani na kushangaa kwa nini hifadhidata imepangwa hivi. Ukimweka huyo mbele ya macho yako, utaacha kuandika mambo kama «tumerekebisha lile tatizo la juzi», kwa sababu yeye hajui juzi kulikuwa na nini.

Tuanze kutoa habari kazi ikiwa imekamilika, au ikiwa bado changa?

Ikiwa bado changa, na hapa ndipo wengi wetu tunaposita. Tumelelewa katika shule ambazo kazi isiyokamilika huchekwa, kwa hiyo mtu hukaa na msimbo wake miezi mitatu ndani ya kompyuta mpakato, akisubiri ung'ae kabla ya kuutoa. Matokeo yake ni kwamba mwenzake naye anaandika kitu kile kile upande wa pili wa mji, na wanapokutana, mmoja lazima atupe kazi yake.

Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi huria (ule uliokuja kuitwa Linux), kama burudani tu, akawauliza ni mambo gani wanayapenda na yapi hawayapendi katika Minix. Hakuwa na toleo la kuwapa siku hiyo. Alitoa habari ya kazi iliyokuwa inaendelea na akaomba maoni wakati ambapo maoni bado yangeweza kubadilisha kitu. Maoni yanayofika baada ya toleo kutoka huwa malalamiko, hata yakiandikwa kwa adabu.

Jambo moja tu la kuangalia: tenganisha kutangaza na kuahidi. «Tunajaribu njia ya kutuma ripoti bila intaneti, na bado hatujui kama itafaa» ni habari. «Ripoti bila intaneti inakuja» ni ahadi, na watu watakudai.

Taarifa ya kawaida iwe na nini ndani yake?

Iseme kilichobadilika tangu taarifa iliyopita, kinachofanyiwa kazi sasa na aliyekishika, kilichosimama na sababu yake, uamuzi unaosubiri maoni pamoja na siku ya mwisho ya kuyapokea, na mahali ambapo mkono wa mtu mwingine unahitajika. Kati ya hayo, sehemu ya kazi iliyosimama ndiyo hurukwa mara nyingi, ingawa kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mchangiaji anaposoma kwamba tafsiri ya Kiswahili imesimama kwa sababu aliyeishika amepata ajira nyingine, anaweza kuichukua wiki hiyo hiyo; asiposoma, atadhani ina mwenyewe na ataiacha ilale mwaka mzima.

Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi huria, uliliweka jambo hili katika mkataba wake wa kijamii tangu mwaka 1997: hautaficha matatizo, na kumbukumbu yake yote ya hitilafu zilizoripotiwa itabaki wazi kwa umma wakati wote. Wapo waliodhani kwamba kuonyesha kasoro hadharani kungewafukuza watumiaji. Miaka imepita, na Debian bado ni msingi ambao mifumo mingi mingine, Ubuntu ukiwemo, imejengwa juu yake.

Urefu wa taarifa usizidi kurasa mbili za simu. Anayetaka undani apewe kiungo cha tiketi (ukurasa wa kufuatilia tatizo au kazi moja) au cha ombi la kuunganisha msimbo, naye atakwenda mwenyewe.

Tuandike mara ngapi?

Kila baada ya wiki mbili kwa mradi wenye shughuli nyingi, kila mwezi kwa mradi mdogo. Kinachojenga imani ni ratiba isiyoyumba. Kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo, hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi hivi: wiki mbili za mwanzo ni za kupokea mabadiliko, kisha hufuata matoleo ya majaribio, kwa kawaida moja kila Jumapili, hadi msimamizi aridhike. Kwa kuwa mzunguko huo unajulikana, mtu aliye mbali anaweza kukisia kazi imefikia wapi hata kabla ya kusoma tangazo lolote. Mwezi ambao hamkufanya kitu, andikeni hivyo kwa sentensi moja, kwa sababu kimya watu hukifasiri wapendavyo, na aghalabu hukifasiri vibaya.

Sisi hukutana ana kwa ana na kuamua mambo pale pale. Je, kuna ubaya?

Kukutana si ubaya. Watu wanaofahamiana hugombana kidogo, na jambo ambalo kwa maandishi lingechukua wiki hukatwa kwa nusu saa mkiwa mmeketi pamoja. Ubaya huanza pale uamuzi unapokuwa wa mwisho kabla ya wasiokuwepo kuusikia. Hapo jamii inagawanyika kimyakimya kuwa watu wa tabaka mbili, walio Lubumbashi na wasio Lubumbashi, na hao wa pili huondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Miradi iliyo chini ya Apache Software Foundation, taasisi ya programu huria iliyoanzishwa mwaka 1999, ina desturi inayofaa kuigwa: mazungumzo ya ana kwa ana yanaruhusiwa, lakini uamuzi hufanywa kwa maandishi, mahali ambapo wote wanaona. Kura ya kupitisha toleo huachwa wazi kwa muda usiopungua saa 72, na toleo linahitaji angalau kura tatu za kukubali kutoka kwa wajumbe wa kamati ya mradi. Saa hizo 72 ziliwekwa kwa sababu wachangiaji wametawanyika katika kanda mbalimbali za saa duniani, wengi wakiwa na ajira na familia. Kwetu zinafaa kwa sababu nyingine pia: hata mtu wa mtaa unaokatiwa umeme kwa zamu atakuwa amepata nafasi ya kuchaji simu, kusoma na kujibu.

Kwa vitendo, mmoja aandike muhtasari usiku ule ule, akitumia maneno «tunapendekeza» badala ya «tumeamua», ataje hoja zilizopinga pamoja na zilizounga mkono, na aweke siku na saa ya kufunga maoni. Saa iandikwe kwa tarakimu za saa 24 na mji utajwe, kwa mfano «20:00, saa za Lubumbashi», kwa kuwa Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, nazo Nairobi na Dar es Salaam ziko saa moja mbele yetu. Tena yuko atakayesoma «saa mbili usiku» akiwaza kwa Kifaransa na kuamka wakati kikao kimekwisha.

Tuna kikundi cha WhatsApp chenye watu wengi. Hakitoshi?

Kinatosha kupeleka habari, lakini hakifai kuwa mahali pa kuzitunza. Ujumbe wa Jumatatu hufunikwa na salamu, picha za harusi na matangazo ya kazi kabla ya Jumatano. Anayejiunga leo kwa kawaida hakuti yaliyosemwa kabla yake. Na kila mwanakikundi anaonyesha nambari yake ya simu kwa watu asiowajua, jambo ambalo baadhi ya wachangiaji, hasa wanawake, wamelikataa kwa haki. Andikeni taarifa mahali pamoja pa kudumu, ndani ya hazina ya mradi wenyewe (mahali msimbo wake unapotunzwa) ikiwezekana, kisha pelekeni kwenye WhatsApp aya moja ya muhtasari pamoja na kiungo. Aya hiyo ijitosheleze, maana wengi wana kifurushi kinachofungua WhatsApp peke yake na hawataweza kufungua kiungo.

Tuandike kwa lugha gani?

Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Msimbo nao umejaa Kiingereza. Hatuwezi kuandika kwa zote. Ushauri wangu ni kwamba taarifa kamili iandikwe kwa lugha ambayo wachangiaji wenu wa sasa wanaisoma bila shida, na muhtasari wa mistari michache utolewe kwa lugha nyingine moja ambayo mngependa iwaletee wachangiaji wapya. Mradi unaotumika Lubumbashi na Goma unaweza kuandika Kiswahili kwanza na kuweka muhtasari wa Kifaransa. Mradi unaotafuta wachangiaji wa nje utabadilisha mpangilio. Kiswahili chenyewe kiwe sanifu kadiri mnavyoweza. Kile cha nyumbani, chenye Kifaransa nusu kwa nusu, hutufurahisha sisi wenyewe na kumwacha msomaji wa Mwanza au Mombasa njiani.

Mega za intaneti ni ghali na umeme hukatika. Tufanyeje?

Andikeni maandishi matupu. Taarifa ya maneno elfu moja ina uzito wa kilobaiti chache tu, wakati video ya dakika tano inayosema yale yale humaliza mega nyingi za msomaji. Picha za skrini ziwe chache na zipunguzwe ukubwa. Mchangiaji mpya afundishwe kunakili hazina bila historia yote, kwa amri ya Git yenye chaguo la «--depth 1», ili asimalize kifurushi chake kabla hajaanza kazi.

Yapo pia matayarisho ya siku ambayo intaneti haipo kabisa, nasi hatuna sababu ya kuyachukulia kama mambo ya kufikirika. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini, ikakaa hivyo kwa takribani wiki tatu. Git ina amri ya «git bundle», ambayo hufunga historia ya mradi ndani ya faili moja linaloweza kubebwa kwenye flashi. Abiria wa basi la Kolwezi anaweza kubeba kazi yote ya mwezi mfukoni, na anayempokea akaiunganisha na yake bila kupoteza kitu. Jamii ikijua mapema kwamba njia hiyo ipo, na nani anabeba, kazi haitasimama. Taarifa za zamani nazo ziwemo ndani ya hazina hiyo hiyo, ili zisafiri pamoja na msimbo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kutotaka habari za mradi zihifadhiwe kwenye huduma inayofunguka tu mtandao ukiwapo.

Tutangaze tarehe ya toleo kabla kazi haijaisha?

Mnaweza, mradi muwe tayari kutangaza kuchelewa kwa sauti ile ile mliyoitumia kutangaza tarehe. Ubuntu hutoka kila Aprili na Oktoba, na nambari ya toleo hutaja mwaka na mwezi. Toleo la Aprili 2006 lilipoonekana kuhitaji muda zaidi, kwa kuwa lilikusudiwa kudumishwa kwa miaka mingi, pendekezo la kulisogeza lilitolewa hadharani na kujadiliwa na jamii, nalo likatoka tarehe 1 Juni likiitwa 6.06. Kuchelewa kuliandikwa ndani ya jina lenyewe, na hakuna aliyedanganywa. Kinachoudhi watu ni tarehe inayopita kimya, ukurasa ukiendelea kusema «karibuni».

Tunataka kuacha kutunza toleo la zamani. Tuseme lini?

Mapema kuliko mnavyotaka. Watunzaji wa Python, lugha ya kuandikia programu, walisema mwaka 2014 kwamba mwisho wa Python 2.7, uliokuwa umepangwa 2015, unasogezwa hadi 2020. Wakaikumbusha jamii kwa miaka yote iliyofuata, na tarehe 1 Januari 2020 msaada ukakoma kama ilivyosemwa. Wapo waliolalamika, lakini hawakuweza kusema hawakuambiwa. Linganisha na CentOS Linux 8, mfumo endeshi uliotumika sana kwenye seva: tarehe 8 Desemba 2020 watumiaji walitangaziwa kwamba msaada utakwisha mwisho wa 2021, ilhali wengi walikuwa wamepanga seva zao wakitegemea 2029. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba miradi ya Rocky Linux na AlmaLinux ilizaliwa kuziba nafasi hiyo.

Kituo cha afya au shule haina fundi wa kudumu, na kuhamisha data hungoja likizo au bajeti ya mwaka. Kwa mradi wa hapa ningeona miezi sita kuwa kiwango cha chini, na tangazo lirudiwe katika kila taarifa hadi siku yenyewe.

Je, na dosari za usalama pia tuzitangaze mara tu tunapozigundua?

Hapana, hapa ndipo kanuni ya uwazi inapopata kikomo chake cha haki. Undani wa dosari hufichwa hadi kiraka, yaani marekebisho yake, kiwe tayari, kisha vyote viwili hutolewa pamoja. Hata hivyo unaweza kuwaambia watu wakae tayari bila kuwafungulia wahalifu mlango. Mwishoni mwa Oktoba 2022 watunzaji wa OpenSSL, programu inayolinda siri ya mawasiliano ya mtandaoni, walitangaza kwamba tarehe 1 Novemba lingetoka toleo 3.0.7 lenye marekebisho ya dosari nzito, bila kueleza dosari yenyewe. Wasimamizi wa seva duniani kote walipata siku kadhaa za kujipanga. Siku ilipofika, uzito wa dosari ulishushwa daraja moja, na watunzaji wakaeleza kwa nini. Muwe na anwani moja ya kupokea ripoti za siri, isomwe na zaidi ya mtu mmoja, na itajwe mahali panapoonekana.

Seva yetu imeanguka. Tusubiri hadi tujue chanzo?

Msisubiri. Semeni kilichokufa, kinachoendelea kufanya kazi, na saa mtakayoandika tena, hata kama saa hiyo hamtakuwa na jipya. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, watoaji wa huduma ya kuhifadhi msimbo mtandaoni, walipofuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yao kuu, waliwaachia watu wote wasome kumbukumbu zao za uokoaji zikiandikwa. Takribani saa sita za data hazikurudi, lakini wengi waliofuatilia walibaki na heshima kwao.

Kuna watu wanatusukuma kila siku wakiuliza «lini?» Tuwajibu vipi?

Kwa kiungo cha taarifa ya mwisho, kwa upole, na bila kubadilisha mpango. Ukiulizwa mara nyingi jambo lile lile, huenda taarifa zako zina pengo, lizibe. Lakini shinikizo lenyewe si sababu ya kuharakisha wala ya kumkabidhi mtu funguo. Mwaka 2022 mtunzaji wa xz, zana ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, alisongwa na akaunti zilizolalamikia mwendo wa kazi na kumtaka aongeze msimamizi. Aliyepata nafasi hiyo ndiye aliyekuja kutia mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, hadi Andres Freund alipoufichua tarehe 29 Machi 2024. Mtunzaji peke yake, aliyechoka, aandike hadharani kwamba amechoka na kwamba kazi itakwenda polepole. Hiyo nayo ni habari ya kazi, na wanajamii wana haki ya kuijua.

Nani aandike taarifa hizi?

Si lazima awe mwandishi bora wa msimbo. Mara nyingi huyo ndiye asiyefaa, kwa sababu kila kitu kwake ni dhahiri. Mtafuteni anayeuliza maswali mengi vikaoni. Awe na mwenzake wa kupokezana naye kila mwezi, na wote wawili wawe na nywila za mahali taarifa zinapowekwa, kwa kuwa vijana wetu humaliza masomo Juni au Julai, na kufikia Oktoba wako Kolwezi au Kinshasa na nambari mpya za simu. Makabidhiano yafanyike kabla ya hapo: mpya aandike taarifa mbili huku wa zamani akizisoma kwanza, kisha jina la wa zamani liondolewe kwenye orodha ya wenye ruhusa, na badiliko hilo litangazwe katika taarifa inayofuata.